Bibi Sifuri na Visanduku Vyake Vitupu

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa kitengo chetu cha takwimu za afya atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia hospitali hii ya wilaya kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Sisi tuliandika “zaidi ya miaka thelathini” kwenye kadi ya mwaliko, akaturudishia ikiwa na wino mwekundu na maelezo kwamba “zaidi ya” si namba.

Alianza kazi akiwa karani wa masjala, binti mwembamba wa miaka ishirini na mitano. Siku hizo ripoti za wagonjwa zilikuja kutoka zahanati kwa chombo chochote kilichokuwa kinakuja mjini: lori la saruji, begi la mwalimu, mara moja hata ndani ya ndoo ya asali. Zikifika zimelowa, alizianika dirishani kwa vibanio vya nguo. Takwimu za Januari zilitoka kwetu Machi na kufika wizarani Mei. Kule ng'ambo wanakochora ramani ya magonjwa ya dunia nzima zilifika wakati wagonjwa wenyewe wameshapona au wameshazikwa. Jambo hilo lilimkera mno, na aliyekuwa tayari kusikiliza alisimuliwa.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilipewa chumba chenye kiyoyozi, heshima ambayo sisi binadamu hatukuwahi kufanyiwa. Ghafla wauguzi wa wodi zote wakashikwa na hamu ya kujifunza takwimu, hasa kati ya saa saba na saa tisa mchana. Mkuu wetu aliishonea mashine ile kitambaa cha maua cha kuifunika, akatoa amri tatu: viatu nje, chai nje, kelele nje. Mumewe, fundi seremala, aliitengenezea meza ya mninga, na mpaka leo analalamika kwamba meza ya kulia chakula nyumbani kwao bado inayumba.

Miaka kumi na miwili iliyopita ndipo ulipokuja mfumo wa mtandao. Kila zahanati ilipewa simu yenye fomu ndani yake. Kila Jumatatu mhudumu anajaza: surua wangapi, kipindupindu wangapi, homa ya uti wa mgongo wangapi. Akibonyeza tu, namba inaonekana kwetu, wizarani na kwenye ofisi za afya za kimataifa kabla chai yake haijapoa. Surua ikizuka hapa leo, kesho kutwa chanjo inaweza kuwa inapakiwa kwenye ndege na watu wasiojua hata kulitamka jina la wilaya yetu. Mkuu wetu alipoona namba ya kwanza ikiingia, alipiga kigelegele ofisini, akavunja amri yake mwenyewe.

Ila mfumo ule ulikuwa na tabia moja. Kisanduku cha fomu kikibaki kitupu, wilaya ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani. Kikijazwa, hata kwa sifuri, inakuwa kijani. Na hapa lazima tuseme ukweli, maana mwenyewe ametuonya tusimpambe. Yeye ndiye aliyetufundisha kujazia. Zahanati isipotuma ripoti, sisi wa ofisini tuliisaidia kwa kuweka sifuri, tusije tukachafua ramani. Mwaka mzima tukawa kijani tupu. Tukapewa cheti cha wilaya bora, tukakitundika ukutani na kupiga nacho picha.

Kisha asubuhi moja akaja mkulima wa vitunguu kutoka ng'ambo ya mto, mtoto wake mgongoni ana surua. Alisimama dirishani kwetu kuuliza wodi ya watoto iko wapi. Mkuu wetu akamwuliza anatokea zahanati gani, naye akaitaja ile ambayo kwenye skrini ilikuwa na sifuri wiki tano mfululizo. Akamwuliza kama huko kuna wengine wanaoumwa. Yule mama akamtazama kwa mshangao, akajibu kwamba wapo wengi, ila waliobaki ni wale ambao hali zao zilikuwa mbaya mno kuvushwa mto. Baadaye tulijua kwamba muuguzi pekee wa zahanati ile alikuwa kwao, kavunjika mguu, na simu ya kazi imefungiwa kabatini. Sifuri zote tano tuliziweka sisi.

Mimi nilikuwa meza ya pili, nikamwona ameshika tama. Nilijua anawaza nini, maana nilikuwa nawaza hicho hicho: hakuna aliyekuwa anajua. Angeweza kuingiza wagonjwa wa wiki ile tu, mambo yakaisha kimya kimya, cheti kikabaki ukutani na kibarua chake kikabaki salama. Alipiga moyo konde. Kwanza akapiga simu kuomba chanjo. Halafu akafungua mfumo, akafuta kila sifuri ya mwaka ule ambayo haikuwa na ripoti nyuma yake. Zilikuwa mia mbili na saba. Wilaya yetu ikawa nyekundu mbele ya ulimwengu mzima. Akamwandikia daktari mkuu wa wakati huo barua ya ukurasa mmoja akieleza tulichofanya, akaweka sahihi yake peke yake, ingawa mikono iliyojazia ilikuwa mingi, wangu ukiwemo.

Chanjo zilifika siku ya nne, na watoto elfu moja na mia sita wakachanjwa. Yule wa mkulima wa vitunguu alipona. Watatu hatukuwawahi. Hajaacha kuwataja, na wasifu huu ungekuwa wa uongo kama tungewaruka.

Daktari mkuu alikuja juu. Wizarani kukaitishwa kikao, na kwa wiki sita tulimwona mkuu wetu akija kazini na mfuko wa vitu vyake, akisubiri kuambiwa afunge virago. Alipewa onyo la maandishi. Mwezi uliofuata alikuja mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka moja ya ofisi zile za ng'ambo, akitaka kumwona aliyeifanya wilaya ya kijani iwe nyekundu kwa siku moja. Wakakaa kwenye meza ya mninga kutwa nzima. Matokeo yake ni kwamba leo fomu ina vitufe viwili tofauti, “Tumehesabu, hakuna” na “Hatujapata taarifa”, na inatumika katika nchi ambazo mkuu wetu hajawahi kuzikanyaga.

Tangu hapo hajaiachia mashine peke yake kazi hiyo. Kila Jumatatu anapigia zahanati zote arobaini na moja swali lile lile: “Sifuri yako umeihesabu au umeijazia?” Ndiyo maana wilaya nzima inamwita Bibi Sifuri. Muuguzi mmoja aliwahi kupokea simu hiyo akiwa bwana harusi, suti imeshavaliwa, na ilibidi ataje ukurasa wa rejista kabla ya kupongezwa. Binti wa mkuu wetu anasema hata wajukuu wakinyamaza chumba cha pili, bibi yao hakubali kwamba wametulia mpaka aende akawaone.

Jumatatu iliyopita alituma ripoti yake ya mwisho. Zahanati arobaini zilijibu. Ya mlimani haikupatikana kwa sababu mnara wa simu ulikuwa umeangushwa na upepo. Daktari mkuu wa sasa, kwa nia njema kabisa, alimwomba kwamba walau wiki ya kuagwa aondoke na asilimia mia, maana huko mlimani miezi minane hakujatokea kitu. Yeye akacheka, akabonyeza “Hatujapata taarifa”, akatuma, kisha akaomba gari. Alirudi Jumanne mchana, viatu vimejaa matope, na jibu mkononi: hakuna mgonjwa, rejista ukurasa wa sitini na tatu. Lakini ripoti ilikuwa imeshafungwa. Kwa hiyo Ijumaa anaondoka ramani ikiwa na doa jekundu mahali petu, na hatujawahi kujivunia doa kama hili.

Asante kwa miaka yote hiyo, na asante kwa barua ile uliyoisaini peke yako. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na meza ya kulia isiyoyumba. Pumzika, Bibi. Jumatatu tutapiga simu sisi, zote arobaini na moja.