Immaculate Awinja, Fundi Aliyeshona Linani

Wewe uliyeshika hii programu, acha kujipepea nayo kidogo, usome. Najua umeshaangalia ukurasa wa nyuma kuona chakula ni saa ngapi. Na kuna kitu ingine najua. Huyu mama alikuitanga uje hapa Musanda usimame mbele ya kamera nusu saa tu, na kila mara ulikuwa bize. Leo umepata nafasi. Sawa. Sikiliza vile alikuwa.

Marehemu Immaculate Awinja Shitanda alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapo Shieywe, mjini Kakamega, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Shikanga na Mama Jescah, yule ameketi hapa mbele na leso ya bluu. Ni Mama Jescah alimpatia linani. Jioni wakipukusa mahindi, aliwahadithianga watoto wake vile hilo zimwi lilimeza kijiji kizima, watu, ng'ombe, mpaka kuku. Likikaribia kufa likasema, nikateni kidole kidogo cha mguu. Wakakata. Watu wote wakatoka wakiwa wazima, kila mmoja akitafuta mtu wake. Watoto wengine waliogopa meno. Awinja aliuliza, "Mama, na hiyo kidole ilikuwa kubwa aje?"

Alisoma hapo hapo mjini, akafanya KCPE mwaka wa 1986 na KCSE mwaka wa 1990. Maksi hatusomi, alikataza. Ila kwenye sekondari bado wanamkumbuka, kwa sababu aliishonea suruali ile mifupa ya kufundishia sayansi. Alisema haiwezi kusimama uchi mbele ya wasichana.

Baada ya kusomea ushonaji alifungua duka Amalemba mwaka wa 1993, na hakulifunga mpaka mwaka jana. Alishona sare za shule, majoho ya kwaya, na kanzu za watu wa Mumias. Kama ulisomea Kakamega na sweta yako haikuraruka kwapa, ni yeye.

Tarehe 6 Desemba 1997 aliolewa na Sydney Shitanda, karani, mtu wa hapa Musanda, mrefu mpaka anainama kuingia kwake mwenyewe. Sydney alienda dukani kushonewa suruali moja akapimwa mara tatu. Ukimuuliza Awinja alimpendea nini, alikuwa anajibu tu, "Hii mji yote hakuna mwingine mwenye miguu ya linani." Tulifikiri ni mzaha. Mungu aliwapa Wendy na George.

Mwaka wa 2021 alianza kumshona linani mwenyewe. Ngozi ilikuwa magunia. Nywele ilikuwa vipande vya sweta za shule kumi na saba, zote alizowahi kushonea. Meno ni magunzi ya mahindi, macho ni vifuniko vya sufuria. Sydney aliingia ndani, na Tariq wa Mumias, huyu mwenye anatupiga video leo, akaleta kamera yake ya harusi na matanga. Filamu ikaitwa *Linani Ako na Njaa*. Ni ya kutisha na ni ya kuchekesha. Linani anaingia mjini kumeza watu, lakini kwa kila afisi anaambiwa apige foleni, na akifika mbele anaambiwa arudi kesho na fotokopi.

Halafu siku ya miwa. Ilikuwa Agosti 2022, saa tisa mchana, shamba hilo unaona nyuma ya hema. Sisi tulioshika kamba za kuinua kichwa cha linani tulijua ni gunia. Tulijua ni Sydney. Lakini alipoinuka katikati ya miwa, kichwa juu ya kila kitu, jua limeingia kwa yale macho, dereva wa trekta alizima injini, akavua kofia. Mama Jescah aliinuka kwa kiti, akasema pole pole, "Ndiye huyo." Miaka sabini alikuwa anamsema na hajawahi kumuona. Binti yake alimshonea mpaka akamuona. Sijui mtu mwingine mwenye amefanyia mamake hivyo.

Siku hiyo hiyo Sydney alipotea ndani ya miwa akatokea uani kwa Mama Khadija, jirani. Mama Khadija alifikiri ni mtu wa sherehe fulani amechoka. Hakukimbia.

"Assalaam alaykum. Karibu, umetoka mbali."

Akamtandikia mkeka, akamletea obusuma na ingokho, ugali na kuku. Sydney hakuwa amekula tangu asubuhi. Alikula na kichwa juu. Mzee Ayub, mwenye boma, akafika kutoka sokoni. Akaangalia linani, akaangalia sahani. Hapa kwetu firigisi ya kuku, imondo, ni ya mwenye nyumba. Watoto wanajua, paka wanajua.

"Khadija! Imondo iko wapi?"

"Mgeni amekula."

"Mgeni gani?"

"Si huyu."

"Huyu mwenye meno?"

"Ayub, mgeni ni mgeni."

Mzee alimsogelea linani na kidole. "Wewe sikiza. Kama unakula watu, kula watu. Imondo ya mtu unawacha!"

Tariq alikuwa amesahau kuzima kamera. Awinja alianguka ndani ya miwa kwa kicheko, na yote iko kwa filamu. Mzee Ayub, uko hapa, umesamehewa na umekuwa staa.

Kitu kimoja kilikataa. Ile sehemu ya mwisho, watu wakitoka kwa kidole. Aprili 2024 aliita watu mia mbili. Walikuja tisa. Wengine walisema ni ya shetani, wengine hawakushika simu. Alipomuonyesha mamake, Mama Jescah alisema, "Awinja, linani alimeza kijiji, si kwaya." Awinja akaifungia filamu kwa kabati. Alisema haitatoka ikiwa na uongo kwa mwisho.

Juni 2025 chakula kilianza kumkwama. Ilikuwa saratani ya koo. Mwanamke aliyeshona mdomo wa kumeza kijiji alishindwa kumeza uji, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa wa kwanza kuicheka. Hakuacha sindano. Kitandani, mpaka Januari, alishona kidole kikubwa kipya, upana wa mlango wa kanisa.

Aliaga Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sydney, akiwa na miaka 53. Siku mbili kabla ya hapo alimwambia, "Kwa filamu hawakuja. Kwa matanga watakuja. Usiwape chakula kabla hawajapita."

Amewacha mume wake Sydney, watoto Wendy na George, Mama Jescah, ndugu na dada, majirani wa Amalemba na Musanda, na shule kumi na saba. Apate kupumzika. Lakini bado kazi yake haijaisha, na hapo ndipo unaingia.

Kile kitu cha kijivu kimesimama kati yako na chakula si hema. Ni kidole. Sydney hajavaa kichwa cha linani tangu mkewe augue. Leo amekubali. Tukimaliza kaburini atalala pale kwa nyasi, Mama Jescah atakata kamba iliyofunga kidole, Tariq yuko tayari. Tafadhali inuka na upite ndani ya kidole, na mtoto wako, na hata ng'ombe kama umekuja naye. Toka pole pole. Usiangalie kamera, angalia jua, kama mtu mwenye amekuwa gizani tumboni. Halafu mtafute mtu wako, umshike mkono.