Fundi Zenon na Koki ya Mpui

Sogeeni karibu na redio zenu, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Zenon Alfonsi, fundi bomba wa Milanzi, hapa Sumbawanga. Fundi Zenon alifariki wiki iliyopita kwa maradhi ya kifua. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Aliyenipa habari zake nyingi si ndugu yake. Ni Hamisa, Mama Ridhiwani, mwenye duka la vifaa vya maji mjini. Na Hamisa, wapendwa, hakuwa akimpenda.

Angempendaje? Zenon alikuwa haamini mtu. Akiingia dukani, hata salamu haijaisha, tupa yake ya kukwangulia chuma imeshatoka mfukoni. Anakwangua koki upande wa chini. Shaba ya kweli ni njano mpaka ndani. Pakitokea weupe, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Viungio vya bomba laini la plastiki navyo alivigeuzageuza, akibonyeza pete ya mpira iliyo ndani, akipima kama mdomo unalingana na bomba.

"Mama Ridhiwani, hiki umeletewa na nani?"

Hamisa anasema: "Nami nilikuwa namwangalia mikono. Mtu anayeshuku wenzake hivyo, na yeye ana jambo lake."

Mjane wake, Gaudiosa, anacheka huku analia: "Hata chai yangu alikuwa anainusa kwanza. Miaka thelathini na tano!"

Kitu kimoja Zenon alikikataa kabisa: kuchoma bomba. Mnawajua mafundi wetu. Kiungio kikikosa saizi, wanawasha moto, wanalainisha ncha ya bomba, wanakilazimisha kiingie, kisha wanafunga kwa tyubu ya baiskeli. Zenon akiona hivyo, anagomba mpaka sauti inamkauka.

Mwaka juzi alipewa kazi Mpui, kuvuta maji kutoka chemchemi hadi zahanati. Koki na viungio vilitoka duka la Hamisa. Miezi minne haijatimia, maji yakakatika. Kinamama waliojifungua wakawa wanachotewa maji kwa ndoo. Zenon akaulizwa. Akajibu mbele ya kamati ya mradi: "Koki ya Mama Ridhiwani ni feki."

Neno lile lilifika mjini kabla yake. Wateja wakakata mguu. Duka hilo Hamisa aliachiwa na baba yake, na jina la baba yake ndilo lililokuwa linachafuka. Akafunga mlango, akabeba tupa yake, akapanda gari la Mpui. Koki ikafukuliwa, wanakamati wote wamesimama, Zenon naye yupo. Hamisa akakwangua. Njano. Akakwangua tena kwa hasira. Njano tupu.

"Haya, Fundi. Sema tena."

Udongo ulikuwa umelowa pande zote, hakuna aliyejua maji yanatokea wapi. Zenon angeweza kunyamaza. Akachukua jembe, akachimba hatua mbili zaidi, akatoa ncha ya bomba iliyochomoka. Ilikuwa imechomwa moto na kufungwa tyubu ya baiskeli. Siku ile ya kazi kiungio kimoja kilipungua, na ufunguzi wa mradi ulikuwa kesho yake.

"Ni mimi," akasema. "Nilijua tangu mwanzo. Nisamehe, Mama Ridhiwani."

Hamisa akapanda gari, akarudi mjini. "Nilishuku," ananiambia. "Nikasema, huyu anaogopa kamati tu."

Kuanzia hapo, kila nyumba aliyofanyia kazi, Zenon alisimulia kosa lake mwenyewe. Wateja wakarudi dukani mmoja mmoja. Naye kila akija anauliza: "Umenisamehe?" Hamisa anamjibu: "Chukua kiungio chako, Fundi, nina watu." Mwaka mzima hivyo, na zaidi.

Jumanne Hamisa alikaa mkekani na Gaudiosa, msibani Milanzi. "Nilikuwa nimeshamsamehe zamani," anasema. "Nilikuwa nangoja nihakikishe. Sasa nimemwambia mjane."

Mama Gaudiosa, watoto na ukoo mzima, poleni sana. Mungu ampumzishe Fundi Zenon. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama yupo mtu aliyekuomba radhi na wewe bado unamchunguza, chukua simu. Nitanyamaza dakika moja hapa hewani, upate nafasi ya kumpigia.