Method Ryoba, Tarishi Aliyegeukia Mtoni

Marehemu Method Ryoba, tunayemlaza leo hapa nyumbani kwake Bomani, Tarime, alizaliwa mwaka 1927, wakati wa palizi ya ulezi. Padre alipombatiza aliandika tarehe 12 Machi, na mama yake, Bibi Mokami, hakubisha, ingawa yeye anakumbuka mvua ya mawe tu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1937 hadi 1940, akafika darasa la tatu. Kila asubuhi alikwenda mbio, hata siku ambazo hakuchelewa. Mwalimu alipomwuliza sababu, akajibu, "Mwalimu, nikitembea nasahau ninakokwenda." Wenzake walicheka. Hakuna aliyejua kama alitania.

Tarehe 9 Januari 1949 alifunga ndoa na Agustina Robi, binti Tomaso wa Nyamwaga. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa tarishi. Barua za Kenyamonta alizipeleka mbio hadi kivuko cha Mto Mara, akamkabidhi Machage, tarishi wa Busawe upande wa pili, azifikishe, akageuka. Mara mbili kwa wiki, miaka sita, na maji yenyewe hakuwahi kuyavuka.

Sasa, Juni 1956 karani aliwaambia kwamba tarishi mmoja atatosha kwa njia yote. Tarehe 14 Julai wangeshindana kutoka Bomani hadi Kenyamonta, kila mmoja amebeba barua, na kurudi na jibu. Atakayetangulia atabaki kazini, mwenzake akalime. Marehemu alikuwa na watoto wawili, na Agustina alikuwa mjamzito.

Akaanza kujizoeza, na hapo ndipo alipokosea. Wiki tatu hakupumzika hata Jumapili. Alipunguza ugali ili awe mwepesi. Na njia ikawa ileile, mtoni na kurudi, mtoni na kurudi.

"Baba Benedicto," Agustina akamwambia, "vuka basi siku moja, ng'ambo uione."

"Nikiwahi mtoni, ng'ambo itajileta yenyewe."

Machage naye alikosea kivyake. Alitembea kutwa nzima kutoka Busawe siku ya kuamkia mashindano, akaanza mbio miguu imevimba.

Marehemu alifika mtoni peke yake, jua la saa tano. Alisimulia kwamba kabla ya hapo kichwa kilishaanza vituko: alisikia mtu akikimbia nyuma yake, akitazama hayupo, akajiuliza leo ni Jumanne au Ijumaa, akalia bila kujua analilia nini. Akanawa uso, akanywa maji, akageuka. Akaanza kurudi Tarime na barua begani, moyo umetulia kabisa.

Haukupita muda akakutana na Machage anachechemea.

"Mura, ndugu yangu, umeshafika Kenyamonta?"

"Narudi nyumbani."

"Mungu wangu! Wewe ni mtu au swala?" Machage akaketi chini. Kwa kiu ile hakupiga hesabu. "Basi, kazi ni yako. Nipe mkono."

Wakapeana mikono, wakarudi pamoja, Machage akienda kurudisha mkoba wa serikali. Karani akauliza, "Jibu la Kenyamonta liko wapi?" Marehemu akafungua mkoba wake: barua imo. Karani akawatazama mmoja mmoja, akafunga daftari. Kwa kuwa hakufika hata mmoja, kazi iliachwa kama zamani, na wote wawili wakabaki.

Watu wa Busawe walisema alimhurumia mwenzake, akafanya makusudi. Watu wa Tarime walisema amelogwa. Yeye alikataa yote mawili, ila la tatu hakuwa nalo.

Tarehe 20 Februari 1958 alinyeshewa njiani, akashikwa na kichomi. Siku mbili kabla hajafa, Machage alikuja akaketi kitandani pake.

"Ndugu yangu, sasa niambie. Siku ile ulinionea huruma?"

Marehemu alifikiri sana, kikohozi kikimkatiza. "Machage, ningekuwa najua ningekwambia. Lakini nilifurahi kukuona."

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 1958, saa kumi alasiri.

Ameacha mama yake, Bibi Mokami. Mke wake, Agustina Robi. Watoto Benedicto, Teresia na Filemoni. Na Machage, aliyekuja kumbeba.

Apumzike kwa amani, na asiulizwe tena.