Kama Hawakupi Dawa, Huumwi

Benchi la mbele ya kibanda cha mshona viatu hubeba watu wanne wakibanana. Tangu Jumatatu linabeba watatu, na hakuna aliyethubutu kusogea kuijaza nafasi ya katikati. Ni ya Shoti, fundi umeme, aliyelazwa kwa kansa ya damu. Mwaka jana daktari alimwambia ugonjwa wake ni wa polepole, dawa bado, ila arudi kila miezi mitatu apimwe. Hapa kijiweni karatasi ya mtu yeyote husomwa kwa sauti kisha hutolewa hukumu, na ya Shoti haikupona. Aliyeitoa hukumu ni Sindano, mwenye kibanda, ambaye leo amebana misumari mdomoni na kugongagonga soli moja tangu asubuhi.

Profesa, aliyewahi kutunza stoo ya maabara ya shule, alikuwa ametoka wodini.

— Daktari kanieleza. Kila seli inapokea ishara: ya kuishi, au ya kufa. Za Shoti zimeng'ang'ania ile ya kuishi. Hazifi, zinazaana tu.

— Sasa kuishi ubaya wake nini? — aliuliza Mtandao, fundi simu.

— Zinajaa, bwana! Damu yenye afya inakosa nafasi. Na wamepima upya, za kwake zimegeuka za aina inayokwenda mbio.

— Basi ni hii minara ya simu. Ishara ni ishara.

— Mnara unaingiaje kwenye damu, we?

— Unaingiaje kwenye simu? Umeona waya? Tumfungie chumba cha mabati wiki mbili, ishara ikose njia.

— Acha uchizi! — alidakia Profesa. — Damu imwagwe yote, iwekwe mpya, kama oili ya gari.

— Na iliyobaki kwenye mifupa?

— Mifupa ioshwe!

Siku nyingine wangevunjika mbavu. Sindano alitema misumari kiganjani.

— Dawa ya kuizima hiyo ishara haipo?

Profesa aliinamia kikombe chake.

— Ipo. Vidonge tu. Angewahi, angeishi miaka mingi. Sasa bandama limevimba, mapafu yameshambuliwa. Daktari anazungumzia siku, ndugu yangu.

Hapo ndipo mke wa Shoti alipotokea, kadi ya kliniki mkononi. Alikuwa hajawahi kufika kijiweni hata siku moja. Wote walisimama.

— Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?

Alikaa katikati, palepale pa mumewe, akaifungua kadi.

— Miadi minne hakwenda. Alikuwa ananiaga anakwenda kliniki, kumbe anakuja kukaa hapa. Leo nimembana, kasema kijiwe kilimwambia hana ugonjwa. Shemeji zangu, nani alimwambia?

Mtandao alitoa simu, akaitazama ikiwa imezimwa. Profesa aliinua birika la kahawa, akalitikisa. Lilikuwa tupu.

Sindano aliisikia sauti yake mwenyewe ya mwaka jana: "Kama hawakupi dawa, huumwi!" Alikumbuka Shoti alivyocheka, alivyopumua kama mtu aliyetuliwa gunia, alivyowanunulia wote kahawa. Roho ilimuuma hadi machozi yakamlenga. Alitaka kusema ni mimi.

— Ni nani? — aliuliza tena mwanamke, taratibu, bila hasira.

Sindano alihesabu misumari mitatu, akaibana kati ya midomo, akaokota nyundo.