Mama Kaondoka na Baiskeli

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali nje ya saluni ya Kinyozi, na mwenzako wa upande wa pili akisimama bila kukuambia, umekwenda chini. Asubuhi hiyo Kinyozi hakuwa na raha ya kukaa wala ya kusimama. Mama yake mzazi, mjane wa miaka sitini na ushee, alikuwa ameondoka na baiskeli, peke yake, kukatiza nchi nzima kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Mjomba alikuwa anapiga simu tangu alfajiri: huyo dada yangu arudishwe, anatuaibisha. Basi Breki, dereva wa pikapu, ameitwa, gari limeshageuzwa, baiskeli ipakiwe nyuma na mama mbele. Kilichobaki ni kukubaliana watamwambia nini wakimkuta. Hapo ndipo shughuli ilipokwama.

— Mimi nasema hivi, alianza Mheshimiwa, ambaye aliwahi kugombea udiwani akapata kura za nyumbani kwake, tena si zote. Mwanamke mzima haachi nyumba yenye bati jipya bure bure. Kuna mtu huko mpakani.

— Mtu gani? Kinyozi aliuliza.

— Mwanamume.

— Mheshimiwa, huyo ni mama yangu.

— Ndiyo maana nimesema kwa heshima.

Muuza kahawa, ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi ingawa hana mpwa hata mmoja pale, alimmiminia kikombe ili anyamaze.

— Mwanamume gani wa kufuatwa kwa baiskeli? Utafika hoi, hata jina lake umelisahau. Hapa ni daktari. Siku hizi ukiwa na presha wanakwambia fanya mazoezi. Mama wa watu kaelewa vibaya. Kaambiwa azunguke uwanja, yeye kaenda kuzunguka nchi.

— Mama hana presha, Shangazi.

— Basi sasa ataipata.

Breki, upande wa pili wa benchi, alikuwa anazungusha funguo kidoleni kama mtu anayejua siri.

— Nyie hamjui dunia inavyokwenda. Hao ni watu wa kampuni ya matairi, wanajaribu mpira. Wanakupa baiskeli, unaendesha mpaka mpira upasuke, wao wanakaa ofisini wanaandika. Ndani ya ile baiskeli kuna chombo cha kupimia.

— Chombo kipi? Kinyozi aliuliza. Kainunua kwa fundi wa kona ya pale, mtumba! Hata kengele hailii.

— Umeona? Hailii kwa nini? Wameitoa ya kwake, wakachomeka chombo.

Kinyozi alijishika kichwa. Kwa nini aliwaita watu hawa? Alitaka maneno mawili matatu ya busara, ya kumwambia mtu mzima bila kumvunjia adabu, na sasa mama yake alikuwa na hawara, presha na chombo.

— Ngojeni, ngojeni, Mheshimiwa alisimama, Breki nusura aanguke. Nimeshapata. Anagombea! Anapita kila kijiji, anasalimia, anakunywa maji yao. Akirudi nchi nzima inamjua. Kumbe anakitaka kiti changu!

— Kiti kipi? Shangazi alifoka. Ulikikalia lini?

— Jamani! Kinyozi alipaza sauti hadi watu wa duka la jirani wakageuka. Nimewaomba msaada, mnaniongezea ugonjwa!

Mteja aliyekuwa ndani, kwenye kiti cha kunyolea, alichungulia mlangoni, shavu moja limejaa povu. Alikuwa mgeni, kahamia mtaani majuzi tu.

— Samahani, ndugu zangu. Huyo mama mwenyewe, alisema anakwenda kwa nini?

Shangazi alitikisa chupa yake kana kwamba kahawa ndiyo iliyoulizwa. Breki alianza kukagua tairi. Wote wakamtazama Kinyozi.

Na Kinyozi hakujua. Mama aliposema mezani kwamba ana safari anataka kuifanya, yeye alicheka. Alipoona hatanii, akamtajia malori, vibaka, mlima, mvua, umri. Akampigia Mjomba, Mjomba naye akaja kufoka. Wiki nzima walimweleza kwa nini asiende. Kuuliza, hakuna aliyeuliza. Mama alisikiliza tu, huku anaziba pancha uani.

Kinyozi alitoa simu, akasogea pembeni.

— Haloo? Kama umetumwa na mjomba wako, mwambie mlima nimeshaupita.

— Sijatumwa, mama. Nauliza tu. Hii safari... unaenda kwa nini?

Chuma kiligonga kitu huko aliko, baiskeli inaegeshwa.

— Baba yako alikuja kunichukua kwetu na baiskeli, mama alisema. Nikapanda nyuma. Sokoni, nyuma. Kwenda kukuzaa wewe, nyuma, nimemshika kiuno. Alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, hakuniangusha hata siku moja. Lakini njia zote hizo, mwanangu, nilikuwa naona mgongo wake. Nataka kuona mbele kukoje.

Kinyozi aligeuka, akaitazama pikapu iliyokuwa inamngoja.

— Upo?

— Nipo, mama. Kukoje?

— Kuna vumbi, mama akacheka. Miguu nayo usiseme. Acha niende, jua halijawa kali.

Aliporudi, Breki alikuwa nyuma ya usukani, injini inanguruma.

— Twende au tusiende? Mafuta yanaungua hapa!

— Zima.

— Amekataa?

— Zima gari, Breki.

— Lakini amesemaje? Mheshimiwa alimdaka mkono. Kuna mtu, au hakuna mtu?

Kinyozi aliutoa mkono wake taratibu, akaingia ndani. Povu lilikuwa limekauka shavuni kwa yule mgeni. Kabla hajashika wembe, simu ikalia: Mjomba. Kinyozi aliusukuma mlango kwa kisigino ukajifunga, akapokea.

— Shikamoo, Mjomba. Hapana. Hatuendi kumchukua.