Zilizolala Ndizo za Mzee

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kuchapa na kutoa kopi. Mimi nashona viatu upande wa mlango, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapa lazima upite masikioni mwangu. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi anayeweza kumwacha mteja na povu kidevuni akisikia hoja tamu. Kulia hukaa Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshitakiwa. Mwenye birika la kahawa hana upande, anamimina tu. Jana kati yao alikaa Dereva wa malori, na karatasi mbili mkononi: maisha ya baba yake, mzee seremala, ambayo yeye kama mtoto wa kwanza alitakiwa kuyasoma kesho yake makaburini. Hapakuwa na kicheko.

— Nieleze tena, dada, Dereva alimwambia mchapaji, binti aliyesimama mlangoni macho mekundu.

— Kaka, asubuhi uliangalia kioo cha kompyuta ukasema, mbona herufi nyingine zimelala upande kama zimelewa? Nitasomaje kaburini? Zisimamishe zote. Nikafungua pale pa kutafuta na kubadilisha. Pale hata neno huandiki. Unaiambia mashine tu, tafuta kila herufi iliyolala, isimamishe. Nikabonyeza mara moja, zikasimama zote.

— Halafu?

— Nikahifadhi juu ya ile ile, nakala nyingine hakuna, nikachapa, nikafunga. Mdogo wako alipokuja ndipo akashika kichwa. Zilizolala ndizo za mzee, alivyotamka mwenyewe kitandani. Zilizosimama ni nyongeza za familia. Sasa zote ni sawa.

Dereva aliweka kidole chini kabisa ya ukurasa wa pili.

— Hapa pameandikwa, "Mwanangu mkubwa sina kinyongo naye." Nataka kujua kitu kimoja tu. Hii ilikuwa imelala au imesimama?

Sote tunajua habari yake. Alitakiwa arithi karakana, akachagua barabara. Mzee alipougua, yeye alituma salamu kupitia mdogo wake, na salamu hazimgeuzi mgonjwa kitandani. Nasema hivi bila kumwonea.

— Si umuulize huyo mdogo wako? Wembe akasema.

— Nimemuuliza. Anasema ni ya baba. Lakini yule ni mpatanishi tangu utotoni. Nikivunja sahani mimi, anasema kavunja yeye. Akiona machozi yangu atasema lolote.

— Na wewe si uliiona kwenye kioo ikiwa bado imelala?

— Niliona herufi zimelala. Sikuzisoma.

Mwenye birika akamjazia kikombe bila kuombwa. Na hapo, kwa kuwa kimya kinawawasha hawa watu kuliko upupu, nadharia zikaanza.

— Sikiliza, Wembe akasema. Nywele ukizinyoa, mzizi unabaki. Mashine nayo hivyo hivyo. Dada, iambie itafute zile zilizokuwa zimelala.

— Haijui zilizokuwa, mjomba. Inajua zilivyo.

— Basi ni mashine jeuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mbona hiyo imesikia la mkuu, nikasema mimi, na guu limevunjika la mkuu mwenyewe?

Wakili akakohoa kama yuko mbele ya jaji.

— Kisheria hakuna utata. Maisha ni ya nani? Ya marehemu. Kwa hiyo kila neno lililomo ni la marehemu mpaka lithibitishwe vinginevyo. Lisemwalo lipo.

— Kama halipo? nikauliza.

— Laja.

— Laja kutoka wapi, Wakili? Mzee yuko kwenye jeneza.

Wakili akashika kikombe chake, akanywa. Wembe akadakia.

— Iinue karatasi juani. Herufi iliyowahi kulala haiwezi kusimama sawasawa na iliyozaliwa imesimama. Hata mtu aliyeugua mgongo utamjua.

Na kweli, Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akainua karatasi juani. Sote tukainua shingo. Niliona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona aibu kwa ajili yangu, maana nami nilikuwa natafuta.

— Kuna njia nyingine, Wakili akasema, sauti chini. Isome kesho kaburini. Maneno ya marehemu yanateremka kama maji. Kama si yake, yatakukaba koo.

— Ndiyo maana nauliza leo, Dereva akajibu. Mbele ya watu wote wale, yakinikaba, nitajificha wapi?

Mchapaji akaanza kulia kwa sauti. Wembe akamwambia asilie, kosa si lake. Dereva naye akasema hivyo hivyo, kosa si lake.

Ndipo akafika mama mmoja mzee, begi mkononi, vumbi la safari kwenye kanga. Akauliza njia ya kwenda kwa marehemu seremala. Dereva akasimama haraka.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, baba. Poleni. Mbona uko huku na si msibani? Na hizo karatasi?

Akaelezwa. Wakaeleza wote kwa pamoja, mzizi, sheria, jua, koo. Shangazi alisikiliza mpaka wakaishiwa pumzi, akakaa kwenye benchi.

— Nimesikia huo mstari mmoja. Na kwingine kote, ndugu yangu anasema nini?

Wembe alimtazama Wakili. Wakili alimtazama mchapaji, na mchapaji alitazama viatu vyake. Yeye alibadilisha herufi, hakusoma. Dereva alikuwa amezikunja na kuzikunjua zile karatasi tangu asubuhi mpaka zimelegea.

— Sijui, shangazi.

— Basi nisomee.

Akaanza juu kabisa, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mzee alizaliwa, alisoma kidogo, alijifunza useremala. Shangazi aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha yakaja haya: "Kiti kikiyumba usikilaumu kiti, angalia kwanza sakafu." Shangazi akajipiga paja, machozi yakamtoka na meno yakaonekana.

— Huyo ndiye! Huyo ni yeye kabisa. Endelea.

Dereva aliendelea, na sauti ikaanza kubadilika. Mara nyingine shangazi alisema huyo ndiye, mara nyingine alikaa kimya. Hakuna aliyeagiza kahawa. Mimi niliacha sindano ndani ya soli. Ukurasa wa kwanza ukaisha, na Dereva akabaki ameukodolea macho.

— Shangazi, huu wa pili nauogopa.

— Najua, baba. Geuza.