Siku ya Kumlisha Vượng

Bi Nhàn anauza chai ya majani mabichi kwenye kona ya kiwanda cha nguo, hapa mjini Nam Định, na benchi lake halikosi wabishi. Asubuhi ile ugomvi ulikuwa juu ya sinema ya jana, ya wanawake waliobaki kijijini wakivuta plau kwa mabega, waume wako vitani. Mwishoni askari anashuka kivukoni, sura haionekani, mke mmoja anamkimbilia, basi, imekwisha! Mimi nilitaka mabishano hayo yaachwe, maana Vượng, mume wa Bi Nhàn, alikwenda vitani, hajarudi wala taarifa ya kifo haijaja. Lakini Khoát, tunayemwita Redio, nani atamzima?

— Mumewe yule! Alichelewa tu. Haraka haraka haina baraka.

— Vita vimekwisha zamani, haraka gani hiyo? — Huyo ni Bi Lụa, Kamanda, aliyeongoza wanawake wa kiwanda kwenye mzinga wa kutungulia ndege wakati wa vita. — Yule kaleta habari za msiba.

— Basi mumewe kapoteza kumbukumbu, kaoa milimani, ana watoto saba!

— Saba! Uliwazalisha wewe?

— Ni mumewe, — akasema Bi Nhàn, chai ikimmwagikia mkononi na chini. — Nilimjua kwa mwendo.

Hapo akafika mwanamke na kikapu, vumbi hadi magotini. Alikuwa Mận, mdogo wake Vượng, katoka kijijini.

— Wifi, mama hamalizi mwezi huu. Anataka Vượng awekewe siku ya kufa, kila mwaka siku hiyo apate ubani na wali, kama marehemu wengine wanavyolishwa na jamaa zao. Anasema tushike siku aliyoondoka kwenda vitani.

— Siku aliyoondoka alikuwa anacheka! Niiite siku ya kifo? Mnataka nimuue kwa mkono wangu?

— Usikubali, shemeji! — Redio akadakia. — Subira yavuta heri!

— Nyamaza wewe! — Kamanda akamkemea.

Mận hakumtazama yeyote kati yetu. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

— Wifi, na kama alikufa, miaka yote hii nani anampa chakula?

Redio akainamisha kichwa. Kamanda akatazama ukuta wa kiwanda. Bi Nhàn alikaa chini pale pale kwenye majimaji ya chai, akalia kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.